Kupiganisha kwa Mdomo

Osundwa muuza nyama alipojiona amekufa kwenye shuka la mke wa Isaiah, hakupiga kelele. Aliweka kikombe cha chai chini, akapangusa mdomo, akasogea mbele mpaka kivuli cha kichwa chake kikafunika nusu ya picha iliyorushwa pale na kompyuta.

"Hapa," alisema, akigusa shuka kwa kidole. "Hapa penye wekundu. Hapa ni kwangu."

"Ni kwako namna gani, Mzee?" Swafia aliuliza.

"Nasimamanga hapa. Mkaratusi uko huku, nguzo ya stima iko huku, mimi niko katikati. Hata baba yangu alisimamanga hapa siku za vita vya ndume. Uliza mtu yeyote." Akawageukia wenzake waliojazana kwenye banda la kupimia majani chai. "Sasa huyu msichana ametoka kwao Mumias na mashine yake, akaona Shinyalu nzima, akachagua mahali pangu ndipo apake damu."

"Si damu, Mzee. Ni rangi tu. Inaonyesha mahali watu wamebanana kupita kiasi."

"Na watu wakibanana hivyo, inakuwanga nini?"

Swafia alilelewa na nyanya aliyechukia uongo kuliko njaa, na malezi hayo yalikuwa yamekwisha kumponza mara nyingi. "Wanaumia," alisema. "Wengine wanaweza kufa."

"Basi ni damu," Osundwa alisema, akarudi kwenye kikombe chake.

Shuka lenyewe lilining'inia kwenye ndoana ya mizani ya chai, na lilikuwa limetariziwa maua, kwa hiyo yale mawingu mekundu ya kompyuta yalielea kati ya waridi na kipepeo. Chini yake nukta nyeusi zilitambaa kama kumbikumbi waliotoka baada ya mvua. Kila nukta ilikuwa mtu. Swafia alikuwa ameipa kila moja mwendo wake, macho yake na woga wake, na kazi hiyo ilikuwa imemla tangu Januari.

Yeye alifundisha hesabu za kompyuta katika chuo kimoja cha mjini Kakamega. Ofisi ya usalama ilikuwa imemtuma Shinyalu kwa sababu ya yale yaliyotokea Desemba. Siku hiyo fahali aliyeshindwa alivunja duara la watazamaji, watu wakatimka kuteremka uwanja, wakaishia kwenye ua wa michongoma wa Mama Rachael. Hakuna aliyekufa, ila walichomolewa mmoja mmoja wakiwa na miiba kama nungunungu, na msichana mmoja alivunjika mtulinga. Tangu hapo uwanja haukuwa umeona pambano la mafahali. Sasa pambano lilikuwa Jumamosi, ngoma zilikwisha kulitangaza, na ngoma ya isukuti ikishatangaza jambo hakuna ofisi inayoweza kulirudisha.

Kompyuta ya Swafia ilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo alilisema tena jioni ile. "Tukifungua ua wa Mama Rachael sehemu mbili, watu watapata pa kutokea. Tusipoufungua, yale ya Desemba yatarudi, na safari hii huenda yakawa mabaya zaidi."

Vichwa vyote viligeukia nyuma. Mama Rachael alikuwa amekaa juu ya kikapu chake cha kuchumia, kikiwa kimefudikizwa, mwanamke mfupi mwenye kifua cha askari jela.

"Wapiganapo mafahali wawili ziumiazo ni nyasi," alisema. "Hapa Shinyalu ni chai. Hiyo michongoma marehemu mume wangu aliipanda kwa mikono yake, na nyuma yake ni chai, chakula changu. Mashine ikitaka ua wa kufungua, ifungue wa kwao."

"Na kabla ya kufungua chochote," Osundwa aliongeza, "aliyenitabiria kifo ajue namna ya kukiondoa. Kwetu utabiri hauachwi hivi hivi kama sahani chafu."

Isaiah Lihanda, mwenyekiti wa wenye mafahali, akaona mkutano umemponyoka. Akauahirisha hadi Alhamisi. Swafia alikunja shuka la watu, akaikunja kompyuta yake, na njia nzima ya kurudi mjini alikuwa akiuona ule ua. Alikuwa amewatazama wale kumbikumbi wakijaa pale mara nyingi mno. Rangi ya kompyuta ilikwisha kuwa na sura za watu.

*

Jumatano alasiri alirudi kumwona Isaiah. Nia yake ilikuwa kuomba pambano lisogezwe mbele, na alijua atakataliwa.

Alimkuta nyuma ya nyumba, kando ya zizi la Kesi Baadaye. Huyu Kesi Baadaye alikuwa fahali ambaye, ukiwasikiliza watu wa Shinyalu, alizaliwa na pembe zake zote mbili na kumsalimia daktari wa mifugo kwa jina. Alipopiga chafya, kuku wa majirani watatu waliacha kutaga. Alikunywa pombe ya busaa kwa karai, tena ya mama mmoja tu, na siku aliyoletewa ya mama mwingine aliitazama, akamtazama aliyeileta, akageuka akampa mkia. Mwaka fulani alimkodolea macho mpinzani wake kwa muda mrefu hata mpinzani akarudi kwao peke yake, akafungua lango, akalifunga nyuma yake.

Wanaume watano walikuwa wamekaa mbele ya zizi wakibishana juu yake na Msumari, fahali wa ng'ambo ya mto atakayepambana naye Jumamosi. Osundwa alikuwa miongoni mwao.

"Mirembe," Swafia aliwasalimu.

"Mirembe, Mwalimu," Isaiah alijibu bila kugeuka. "Kaa hapo kwenye gogo, tumalize hii. Osundwa, endelea. Kesi yuko juu ya mteremko."

"Kuna umande?"

"Weka umande."

"Haya, kuna umande. Msumari anakuja kutoka chini. Mguu wa nyuma unateleza. Kesi anaingia chini ya shingo, anasukuma, kwisha."

"Toa umande."

"Nikitoa umande Msumari hatelezi. Anashika. Anamzungusha Kesi, Kesi anaangalia jua, haoni." Osundwa alifumba jicho moja kama anayepima nyama. "Hapo Kesi anavunjika shingo."

Isaiah alikuna kidevu. "Kweli, anavunjika. Anza tena. Mwingize kutoka upande wa mkaratusi."

Swafia aliwatazama wakianza tena. Walibadilisha jambo moja, wakaangalia linaleta nini, wakabadilisha lingine. Kesi Baadaye alikufa mara ya pili, akashinda, akakimbia, akashinda tena. Mwenyewe alikuwa akicheua majani na kuwatazama kwa dharau.

"Mzee Osundwa," Swafia alisema polepole, "umeua ng'ombe wa Mzee Isaiah mbele ya macho yake. Mbona hajakuita mchawi?"

Wote walimtazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji huteremka.

"Mchawi wa nini?" Isaiah alisema. "Huku ni kupiganisha kwa mdomo. Kwani umeona ng'ombe amekufa? Tunafanyanga hivi kabla ya kila pambano, ndiyo tujue Jumamosi tumwingize kutoka upande gani. Tukimuua hapa mara kumi, tunajifunza mahali pa kutompeleka."

Swafia alianza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea kichwani, na Osundwa akamtazama Isaiah, Isaiah akatazama karai la busaa kuona kama kuna mtu amempa mgeni.

"Wazee wangu," alisema alipopata pumzi, "hata mimi nilikuwa napiganisha kwa mdomo. Tofauti ni kwamba mdomo wangu una waya."

Osundwa alimsogelea. "Kwa hiyo ile damu yangu..."

"Ni kama shingo ya Kesi. Nimekupeleka pale kwa mdomo nione panavyokuwa, ili Jumamosi usije ukasimama pale."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," Osundwa alisema, akipumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. "Nimekaa siku mbili bila kuchinja."

*

Alhamisi Swafia alitundika shuka, ila hakuhutubia. Rangi zote alikuwa amezitoa. Palibaki uwanja, mkaratusi, nguzo ya stima, ua, na kumbikumbi.

"Leo mnaniambia ninyi," alisema. "Niweke nini?"

"Weka Kesi ashinde," Isaiah alisema haraka. "Na umande."

Swafia akabonyeza. Nukta kubwa mbili zilikutana katikati, moja ikageuka na kukimbia, na kumbikumbi wote wakasambaa wakikimbilia mbali na mafahali. Banda zima likaangua kicheko. Mtu mmoja alilazimika kutoka nje.

"Hawa ni watu wa wapi?" Osundwa aliuliza akijifuta machozi. "Mwalimu, hawa umewatoa Nairobi."

"Wamefanya nini?"

"Wanakimbia ndume!" Isaiah alisema, karibu amwonee huruma. "Binti yangu, hapa ndume akishinda hatumkimbii. Tunamfuata. Wenye Kesi wanamfuata Kesi wakiimba, wenye Msumari wanamfuata Msumari wasije wakampoteza. Mtu anayekimbia ndume wa kwao ni mwizi wa kuku."

Swafia alihisi masikio yakiwaka. Woga wa kumbikumbi wake aliutoa kwenye hesabu za watu wengine, wa viwanja vya mpira na majumba yanayoungua. Hakuwa amewahi kumuuliza mtu wa Shinyalu anakimbilia wapi. "Nipeni muda wa chai," alisema, akaketi chini ya mizani, akawafundisha kumbikumbi tabia za nyumbani.

Chai ilinyweka ya kwanza na ya pili. Alipobonyeza tena, hakuna aliyecheka. Kesi alishinda, na nusu ya kumbikumbi wakamiminika nyuma yake. Msumari aliteremka, na nusu nyingine wakamiminika nyuma yake. Makundi mawili yakakutana kwenye mteremko, yakasukumana, yakateleza pamoja hadi kwenye ua. Pale yakasimama. Waliokuwa nyuma waliendelea kuja.

"Mimi niko wapi?" Osundwa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umemfuata Kesi. Uko juu kabisa, salama."

"Asante." Akagusa ua kwa kidole. "Na hawa?"

"Anza tena," Isaiah alisema. "Toa umande."

Swafia akatoa umande, na ua ukajaa. Wakamweka Kesi aingie kutoka upande wa mkaratusi, ua ukajaa. Isaiah, kwa uchungu wa mtu anayekopesha jembe lake la pekee, akasema, "Haya. Weka Msumari ashinde." Ua ukajaa kuliko mara zote.

Mama Rachael aliinuka kwenye kikapu. Alipita katikati ya wanaume, akainamia shuka, akaweka kidole pembeni kabisa, karibu na kipepeo.

"Hawa wa polepole, walio karibu na ua wangu, ni nani?"

"Akina mama walio na watoto," Swafia alisema. "Niliambiwa husimama hapo, mbali na purukushani."

"Ndiyo. Huja kwangu kuomba maji ya watoto." Kidole hakikuondoka. "Kwa hiyo ndio wa kwanza kubanwa."

"Kila mara, Mama."

Rachael aliufuata ua kwa kidole, mwanzo hadi mwisho. "Fungua ua," alisema hatimaye. "Kwa mdomo. Tuone."

Swafia akafungua sehemu mbili, kumbikumbi wakatoka kama maharagwe kwenye gunia lililopasuka, wakatawanyika juu ya chai.

"Wamekanyaga?"

"Wamekanyaga, Mama. Mistari mingi."

"Wewe hujui kudanganya hata kidogo?"

"Sijui, Mama."

"Utapata shida sana kwenye ndoa." Rachael akasogeza kidole. "Hukufungua mahali pake. Hapo unawatoa watu ubavuni mwa chai, lazima wakanyage. Fungua hapa, na hapa, mwisho wa mistari. Kuna njia za wachumaji, watu wataingia kama wanakwenda kazini."

Swafia akafungua pale alipoonyeshwa. Kumbikumbi wakaingia kwenye zile njia, wakanyoosha safari, wakatokea upande wa pili wa shamba, barabarani. Wachache walikanyaga chai. Uani hakubaki mtu.

"Nafungua," Rachael alisema, "kwa masharti. Isaiah atakata michongoma mwenyewe, kwa panga lake, mimi nikiwa nimekaa naangalia. Na Jumamosi mlangoni nasimama mimi."

"Shemeji," Isaiah alisema, "ile michongoma ina miiba kama..."

"Najua ilivyo. Ilinichoma miaka yote, na wewe ikuchome siku moja."

*

Jumamosi alfajiri ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, na isukuti zilisikika kabla ya kuonekana mtu. Wakaja na matawi na filimbi na baragumu, Kesi Baadaye katikati yao akitembea kama mwenye nyumba aliyekuja kukagua wapangaji. Kutoka ng'ambo ya mto walimleta Msumari. Isaiah alikuwa na bendeji mikono yote miwili.

Swafia alisimama karibu na nguzo ya stima. Hakuwa amekula. Kwenye kompyuta alikuwa ameliona pambano hili mara nyingi kuliko siku alizoishi, na kila mara alijua kuna kitufe cha kulisimamisha. Hapa hapakuwa na kitufe. Michongoma ilikuwa imekatwa mahali pawili, mapengo yalionekana madogo mno kwa umati ule, na akawaza huenda amewadanganya watu wote hawa bila kujua kudanganya.

Mafahali wakakutana. Ardhi ilitikisika, na baadaye wako walioapa kwamba vikombe viliruka kabatini hadi Bukura. Wakasukumana, wakapumua, wakazunguka. Palikuwa na umande, lakini si Msumari aliyeteleza. Kesi Baadaye, aliyemsalimia daktari kwa jina, aliweka mguu wa nyuma mahali pabaya, akazungushwa, jua likampiga usoni, akasimama kidogo kama anayekumbuka jiko aliloacha linawaka. Kisha akageuka, akakimbia.

Alikimbia kuteremka, moja kwa moja kuelekea ua. Msumari nyuma yake, na watu wa pande zote mbili nyuma yao na mbele yao na kando yao, na akina mama na watoto pale chini, karibu na michongoma.

Swafia alifumba macho. Alisubiri ile sauti aliyosimuliwa ya Desemba, ya watu wengi wanaokosa pumzi kwa pamoja.

Aliyoisikia ilikuwa sauti ya Mama Rachael.

"Fuata mstari. Wewe wa kofia, fuata mstari, hiyo ni chai si nyasi za kwenu. Mama, pita na mtoto, pita. Usisimame kunisalimia, nitakusalimia kesho. Mstari, mstari."

Akafumbua. Umati ulikuwa unaingia kwenye ua kama uzi kwenye tundu la sindano, matundu mawili, na upande wa pili vichwa vilielea katikati ya majani mabichi, mstari kwa mstari, vikienda barabarani. Akina mama walikuwa wametangulia. Kisha akaja Kesi Baadaye mwenyewe. Rachael alimpisha hatua moja, akamwonyesha fimbo, na fahali mkuu wa Shinyalu akaingia njia ya wachumaji akatembea upesi, kichwa chini, kama mchumaji aliyechelewa mizani.

Watu wa Msumari walimrudisha ng'ambo ya mto wakiimba, na uwanja ukabaki na ukungu, viatu, na mbwa mmoja.

Swafia alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye nguzo ya stima, akilia na kucheka, hajui kipi kilianza. Osundwa akaja akachutama kando yake.

"Mwalimu, pumua," alisema. "Nimezunguka pote. Kuna aliyechubuka kiwiko, na kuna aliyepoteza meno ya bandia, lakini hayo alikuwa ameyaazima."

"Wote wametoka?"

"Wote. Hata mimi niko hapa, na nilikuwa maiti ya kwanza."

Kesi Baadaye alipatikana kwenye banda la kupimia chai, amesimama tuli chini ya ndoana. Wapo wanaosema alikuwa anajipima ajue amepungua kiasi gani. Isaiah alimpangusa pua kwa bendeji, akamwambia maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, wakaenda nyumbani pamoja wakiwa wameinamisha vichwa, ila mwendo wa Isaiah ulikuwa mwepesi kwa mtu aliyeshindwa.

*

Saa ya chakula Swafia alikuwa jikoni kwa Mama Rachael mbele ya obusuma, ugali wa wimbi, na ingokho, kuku aliyechemshwa mpaka mfupa ukakata tamaa. Alisita, hajui kuku alichinjwa na nani, na Rachael akaona.

"Kula. Nilimwita Mahmoud wa dukani aje amchinje, tangu jana."

"Tangu jana? Na kama mambo yangeharibika?"

"Yangeharibika tungekula kuku tukilia." Rachael alikuwa amekwisha kukagua chai yake. Miche iliyovunjika ilikuwa michache, ya pembeni, nayo alisema ilikuwa mivivu hata hivyo. Mlangoni alikuwa amerundika viatu vilivyoachwa shambani, na kwa sababu asiyoweza kuieleza mtu vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto. "Sasa toa ile mashine. Nataka kuona mimi ni yupi."

Swafia alinawa, akafungua kompyuta, akaona aibu. "Sikukuweka, Mama. Niliweka ua na mapengo. Mtu wa kusimama pale sikumfikiria."

"Uliweka mbwa?"

"La."

"Afadhali. Niweke sasa."

Swafia akaongeza nukta moja penye pengo. Akaiondolea mwendo. Akaiondolea woga. Akabonyeza, na kumbikumbi wakateremka kwa kishindo kisicho na sauti, wakafika kwenye ile nukta moja, wakagawanyika kulia na kushoto yake, wakaingia mistarini bila kugusana. Walitoka upesi kuliko alivyowahi kuona.

Rachael aliwatazama mpaka wa mwisho alipofika barabarani. Kisha akasukuma bakuli la kuku karibu na mgeni wake, akavuta kigoda.

"Anza tena," alisema.